Shamba la chumvi lililokufa: namna ya kulirudishia maji na mikoko

Barabara ya kuingia Lindi mjini hupita kando ya mashamba ya chumvi, na Mikindani, Mtwara, nako yapo. Mengine bado yanafanya kazi: kiangazi kikikolea utaona vichuguu vyeupe vimejipanga juu ya tuta vikisubiri gari. Mengine yamekufa. Mlango wa maji umeoza, pampu imebaki fremu, matuta yamemomonyoka nusu nusu, na ndani ya majaruba haioti hata nyasi.

Sehemu kubwa ya ardhi ya namna hiyo ilikuwa mikoko kabla haijapandishiwa matuta. Sasa mbona miaka inapita na mikoko hairudi, ilhali hatua chache tu nje ya tuta mchu, aina mojawapo ya mikoko, unazaa na mbegu zake zinaelea kila masika? Kinachozuia ni tuta. Maji hayaingii, au huingia kwenye bamvua kubwa (maji makuu ya mwezi mchanga na mwezi mpevu) yakanaswa humo mpaka yakauke, na kila yakikauka huongeza chumvi juu ya chumvi iliyopo. Mbegu haifiki, na ikifika inaungua.

Kwa hiyo kazi hii ni ya maji kwanza. Miche ni baadaye, na mara nyingi haihitajiki kabisa. Nalisema mapema kwa sababu hafla za kupanda mikoko tunazijua: fulana mpya, mgeni rasmi, miche ya mkoko imechomekwa topeni kwa mistari iliyonyooka, picha, basi. Ufilipino walitumia fedha nyingi sana kwa upandaji wa aina hiyo, na tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ilikuta kwamba iliyosalimika kwa muda mrefu ni asilimia 10 hadi 20 tu. Walikuwa wamepanda mti usiofaa mahali pasipofaa. Njia ninayoieleza hapa inafuata kazi ya Robin Lewis, mwanaikolojia wa Florida, Marekani, aliyetumia miongo kadhaa kuonyesha kwamba ukirekebisha maji, mikoko hujipanda yenyewe.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha kijiji, BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za ufukweni), au mwenye shamba aliyechoka na chumvi. Vifaa vyake ni majembe, makoleo, sururu, toroli, mpira wa maji na subira ya miaka mitatu.

Hatua ya 1: Jua ardhi ni ya nani, kwa karatasi

Shamba kuonekana limetupwa si kusema halina mwenyewe. Kisheria chumvi ni madini. Shamba linaweza kuwa na leseni ndogo ya uchimbaji iliyo hai hata kama hakuna aliyegusa koleo miaka mitano. Anzia ofisi ya Afisa Madini Mkazi, uliza leseni ya eneo hilo imekwisha au la. Leseni ndogo hutolewa kwa miaka 7 na huweza kuhuishwa, kwa hiyo usitegemee maneno ya mtaani kwamba "yule mzee alishaondoka".

Kutoka hapo nenda TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, wilayani. Mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi wa serikali, na mashamba mengi ya chumvi yamo ndani ya mipaka hiyo au yanapakana nayo. Kurudisha mikoko hawatakukatalia, ila wanataka kujua, na barua yao itakulinda siku mtu akija kudai unaharibu tuta lake. Serikali ya kijiji iandike muhtasari wa mkutano. Kama uko upande wa Msimbati, uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na huko hifadhi ndiyo ya kuanza nayo.

Kumbuka pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Atakayekuja na wazo la kugeuza shamba hilo kuwa kituo cha mafuta au hoteli, mwonyesheni kifungu cha 57.

Hatua ya 2: Tafuta vijito vya zamani

Kabla ya matuta, maji yaliingia na kutoka kwa vijito. Ukivipata hivyo, nusu ya usanifu umeshaupata bure, kwa kuwa bahari ilishachagua njia yake.

Njia ya kwanza ni wazee waliofanya kazi hapo. Usiwaulize ofisini, tembea nao juu ya tuta maji yakiwa yamepwa. Uliza mtumbwi ulikuwa unaingilia wapi, kina mama walikuwa wanaokota chaza upande gani, tuta gani lilikuwa linabomoka kila mwaka. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote. Tuta linalobomoka mahali pamoja kila mwaka limejengwa juu ya kijito, na maji yanadai njia yake.

Njia ya pili ni picha za setilaiti kwenye simu. Rudisha picha nyuma hadi mwaka wa zamani unaopatikana, tafuta mstari mweusi unaojipinda ndani ya majaruba yaliyonyooka. Uchore kwenye karatasi, halafu nenda ukaukague kwa miguu: mara nyingi utakuta bonde dogo, tope laini zaidi, au mstari wa mboga pwani, ule mmea unaotambaa wenye vijani vinene na maua ya zambarau hafifu.

Hatua ya 3: Pima kimo, chumvi na asidi

Vipimo hivi vitatu vinakula siku chache na vinaokoa kazi ya mwaka.

Kimo kwanza. Mikoko haiishi majini muda wote. Kanuni ya Lewis ni kwamba mikoko hufunikwa na maji kwa asilimia 30 ya muda au pungufu. Sakafu ya jaruba ikiwa chini mno, miti itazama. Ikiwa juu mno, maji hayatafika ila bamvua kubwa. Huna haja ya mpima ardhi. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, wa mita 15 hivi, kama ule ambao mafundi husawazishia msingi. Ujaze maji, hakikisha hakuna viputo, kwa sababu kiputo kimoja kinatosha kukudanganya kwa sentimita kadhaa. Mtu mmoja ashike ncha moja kwenye fimbo yenye alama za sentimita, iliyosimama chini ya mchu ulio hai nje ya tuta. Mwingine ashike ncha ya pili kwenye fimbo ndani ya jaruba. Maji yakitulia, soma pande zote mbili. Tofauti ya namba ndiyo tofauti ya kimo. Rudia jaruba kwa jaruba, uandike kwenye mchoro.

Fanya hivyo chini ya kila aina ya mti ulioko nje, siyo mchu peke yake: mkoko wenye mizizi ya matao kwenye ukingo wa kijito, mkandaa katikati, mchu tena kule juu karibu na nchi kavu. Sasa una orodha ya vimo ambavyo kila mti umevikubali hapo hapo kijijini kwako, na hakuna kitabu kitakachokupa namba nzuri kuliko hizo.

Chumvi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Chumvi ya kula huanza kuganda pale bahari inapopoteza karibu sehemu tisa za maji katika kumi, kwa hiyo udongo wa majaruba ya mwisho, yale ya kuvunia, ni mkali kupita kiasi. Chimba shimo la sentimita 40, subiri maji yajikusanye. Ukiwa na kipimo cha chumvi, pima. Kama huna, yachuje kwa kitambaa yatoke tope, kisha tumbukiza yai bichi ambalo si la siku nyingi, maana yai la zamani huelea lenyewe. Katika maji ya bahari yai huzama. Likielea, basi chumvi imefika karibu mara tatu ya bahari, na hapo hata mchu, ambao ndio mvumilivu kuliko wote, hauwezi kuanza maisha. Lakini usikate tamaa: maana yake ni kwamba eneo hilo linahitaji kuoshwa na maji ya kupanda na kushuka kwa msimu mmoja au miwili kabla ya kutegemea kitu.

Asidi ndiyo inayosahaulika. Tope la mikoko lina madini ya chuma na salfa ambayo yakiwa chini ya maji hayana neno. Yakikauka na kupigwa na hewa hutoa asidi ya salfa, ile ile ya betri. Dalili zake ni maji mekundu ya kutu kwenye mashimo, madoa ya njano isiyokolea kwenye nyufa za udongo, na samaki wadogo kufa baada ya mvua ya kwanza. Chukua bonge la tope jeusi-kijivu linalonuka yai viza kutoka sentimita 60 chini, liweke kwenye kopo wazi, lilowanishe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, halafu pima kwa karatasi za pH, zile za kupimia asidi. Ikishuka chini ya 4, kanuni yako ni moja: chimba kwa kina kidogo, na usirundike tope hilo juu ya ardhi. Wengine hushauri chokaa. Sawa, ila chunguza imetoka wapi, kwa sababu chokaa nyingi ya pwani ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni za mikoko.

Hatua ya 4: Ondoa taka za kiwanda

Hii ni fupi. Toa karatasi za nailoni zilizotandikwa kwenye majaruba ya kuvunia, vyuma vya pampu, waya, saruji iliyovunjika ya mlango wa maji. Palipokuwa na pampu ya dizeli udongo utakuwa na mafuta. Udongo huo mweusi upakie kwenye madumu na kuutoa kabisa, usiusambaze. Nailoni isipoondolewa kabla ya kufungua tuta, bamvua ya kwanza itaipeleka kwenye nyavu za watu.

Hatua ya 5: Chimba ndani kwanza, tuta la nje mwisho

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na mpangilio wake haubadiliki.

Msimu mzuri ni Septemba hadi Novemba. Ardhi bado ni kavu, watu hawajaingia shambani kikamilifu, na mvua za kusini, ambazo kwetu huanza kati ya Novemba na Desemba na kwenda hadi Aprili au Mei, zitakuja kuosha chumvi mara tu baada ya kufungua. Mbegu za mchu nazo huanguka ndani ya mvua hizo hizo. Ukifungua Mei, unakaribisha kiangazi kizima cha kukausha upya kabla hujapata mbegu hata moja.

Ndani ya msimu huo chagua siku za maji mafu, yaani maji yanapojaa na kupwa kidogo tu. Bahari haifiki sakafu ya majaruba, kwa hiyo mnaweza kuchimba kutwa nzima. Siku za bamvua, maji ya pwani yetu hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Hizo ziacheni kwa kukagua.

Anzia mbali na bahari. Fuata njia ya kijito ulichokipata, kata matuta ya ndani kila yanapokikatiza, chimba mtaro usio mpana unaoongezeka upana na kina kadiri unavyokaribia tuta la nje. Upinde pale kijito kilipopinda. Mtaro ulionyooka hupeleka maji kwa kasi na kula kingo zake. Kila jaruba lazima liwe na njia ya kutolea maji yote. Dimbwi litakalobaki baada ya maji kupwa litakuwa sufuria ya chumvi kama zamani, na mche utakaoota humo utachemka.

Hesabu ya nguvukazi ni rahisi. Mtaro wa upana wa mita 1, kina sentimita 60 na urefu mita 100 ni mita za ujazo 60. Siku ya kwanza pima mtu mmoja amechimba kiasi gani, kisha gawanya. Fanya hivyo kabla ya kuahidi posho.

Udongo unaotoka usiupange kando ya mtaro, kwa sababu utakuwa umejenga tuta jipya. Usambaze kwa tabaka jembamba kwenye majaruba yaliyo chini mno. Sakafu ya majaruba ya kuvunia ilishindiliwa kwa makusudi ili isinywe maji, na mbegu huteleza juu yake bila kushika. Ichokoe kwa jembe kina cha sentimita 15 hivi, iache na mabonge. Iwe chafu chafu. Uso laini unaopendeza machoni haushiki mbegu.

Kabla ya tuta la nje, geuka uangalie upande wa nchi kavu. Kuna shamba la jirani linalofanya kazi? Mpunga? Kisima? Minazi? Tuta la upande huo libaki, na pengine liinuliwe. Mvua na mawimbi ya Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 yanatosha kuwakumbusha watu wa Lindi maji yanaweza kufika wapi, na mtu ambaye kisima chake kimeingia chumvi hatakusikiliza habari za mikoko tena.

Sasa tuta la nje. Likate pale kijito kilipolikutia, upana ule ule wa kijito upande wa nje, na chini yake iwe sawa na sakafu ya kijito hicho. Kosa linalojirudia kwenye miradi ni kufungua tundu dogo la kuonjea. Maji mengi yakipita kwenye tundu dogo hukimbia, huchimba, na kuacha shimo mdomoni huku ndani hayatoki yote. Shamba likiwa kubwa, fungua midomo miwili au mitatu. Mabaki ya tuta katikati yaache. Yatavunja mawimbi wakati wa upepo wa kusi na yatakuwa visiwa vya ndege.

Bamvua ya kwanza baada ya kufungua, simameni hapo kuanzia maji yanapoanza kuingia hadi yatakapotoka. Yanayobaki yametuama yawekeeni vigingi, na kesho yake fungueni njia.

Hatua ya 6: Acheni bahari ipande

Msimu mmoja mzima wa mvua, msipande kitu. Wafadhili watauliza miche iko wapi. Waonyesheni mashimo ya kaa: wale wadogo wenye gando moja kubwa ndio wa kwanza kurudi, na mashimo yao huingiza hewa na maji kwenye udongo. Waonyesheni mboga pwani ikitambaa. Mbegu za mchu hunaswa ndani yake na kukaa kivulini.

Mbegu ya mchu ina ukubwa wa fiwi. Ikilowa huvua ganda lake na kutoa mizizi, lakini inahitaji siku chache za kutofunikwa na maji ili ishike. Ndiyo maana wengi huota kwenye kimo kile kinachofikiwa na bamvua na kuachwa wakati wa maji mafu. Ukiona mstari wa vichipukizi vya kijani umejipanga kwa kimo kimoja, usiushangae wala usiuhamishe.

Kama nje ya tuta hakuna miti mama iliyobaki, hapo tu ndipo unaweza kusaidia mapema: okota mbegu kwa magunia kwenye kijito kingine, zimwage majini mdomoni mwa mtaro maji yakianza kujaa. Bahari itazigawa.

Hatua ya 7: Panda penye pengo

Msimu wa pili wa mvua ukipita na kuna sehemu tupu, rudi kwenye vipimo kabla ya kitalu. Sehemu tupu karibu kila mara ni kimo au chumvi. Ikiwa yai linazama na kimo kinalingana na mti fulani wa nje, panda mti huo, kwa nafasi ya mita 1.5 hadi 2. Mkoko na msinzi unaweza kuchomeka mbegu yake ndefu moja kwa moja topeni, theluthi moja chini. Mchu ni bora upitie kwenye mifuko yenye tope la hapo hapo. Mkoko usiupeleke majaruba ya juu kwa sababu tu mbegu yake ni rahisi kushika.

Sehemu ya juu na majaruba mazuri

Kutakuwa na kipande ambacho bahari haikifikii kabisa. Hapo mvinje hufanya vizuri kwenye mchanga. René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti kwenye machimbo ya chokaa yaliyoachwa na kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, mwaka 1971, na mvinje ndio uliomshikia kwenye mwamba mtupu wenye chumvi. Majani yake yalipokataa kuoza, jongoo ndio walioyasaga yakawa udongo. Mtwara sasa ina machimbo yake ya chokaa, na mfano huo utahitajika.

Jaruba moja au mawili yenye tuta imara mnaweza kuyabakiza kwa kufuga samaki aina ya mwatiko. Mimi nisingezidisha hapo: majaruba ya chumvi ni ya kina kifupi, mwatiko anataka maji ya karibu mita moja, na kuongeza kina ni kuligusa lile tope la asidi. Pima kwanza.

Miaka mitatu ya kuangalia

Simika kigingi kimoja, piga picha kutoka hapo kila baada ya miezi sita, upande ule ule. Pima viwanja vitano vya mita 5 kwa 5, hesabu miche mara moja kwa mwaka. Mitaro ikijaa mchanga izibuliwe. Ng'ombe na mbuzi hupenda sana majani ya mchu, kwa hiyo makubaliano na wafugaji yaandikwe mapema na njia ya mifugo ipitishwe kwingine.

Watakuja pia watu wa biashara ya hewa ukaa (kaboni) wenye mikataba ya miaka 30. Msisaini chini ya mwembe. Kanuni za biashara ya kaboni zimekuwapo tangu 2022, na kituo cha taifa cha kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Mkataba upite huko na kwa mwanasheria wa halmashauri kwanza. Hela ya haraka zaidi ni asali: mchu ukianza kuchanua, nyuki huufuata. Tundika mizinga kwenye miti mikubwa ya nje ya tuta, juu ya alama ya bamvua, na paka grisi kwenye waya za kutundikia ili sisimizi wasipande.